Nilimwachia winga wa Kariakoo aniuzie bima, mimi nikabaki nyumbani. Mvua iliponyesha nikaumbuka

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Nasoma visa vya wenzangu, nacheka, nalala. Leo ni zamu yangu ya kuchekwa. Ninayoandika yamenikuta, na sijaongeza chumvi kwa sababu yenyewe yana chumvi ya kutosha kumpandisha mtu presha. Majina ya watu nimebadili. Jina la kampuni hata mkinibembeleza inbox silitoi.

Niwaambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani, mkifika katikati msishangae.

Mimi ni mtu wa ndani. Siumwi, wala siogopi watu. Napenda tu nyumbani. Mke wangu husema alidhani anaolewa na mwanaume, kumbe amepewa fanicha. Tunakaa Ilala, chumba na sebule, na kochi letu upande mmoja limebonyea kwa umbo langu kiasi kwamba mgeni akikaa pale anainuka haraka, kama kakalia mtu.

Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo tusiyaongelee. Nimeuza vocha, nimekaa stationery ya shemeji nikitoa photocopy. Kazi zote za kukaa. Stationery ilipofungwa nikarudi nyumbani, miezi saba naangalia tamthilia za Kituruki. Mke wangu akaanza kunisomea taarifa ya habari kila jioni: mume wa fulani kapata kazi bandarini, mume wa fulani kafungua banda la chipsi.

Ndipo rafiki yake akaleta tangazo. Kampuni ya bima inatafuta mawakala wa mauzo, elimu kuanzia kidato cha nne, uzoefu si lazima.

Hapo kwenye "uzoefu si lazima" ndipo ningepaswa kushtuka. Kazi isiyohitaji uzoefu ni kazi ambayo wenye uzoefu wameshaikimbia.

Mafunzo yalikuwa siku tatu. Kiyoyozi, chai, sambusa. Mkuu wa timu yetu, nitamwita Madam Ester, alisimama mbele akasema, "Bima siyo biashara. Bima ni upendo." Nikaandika kwenye daftari.

Siku ya nne tukapewa tai, kitambulisho, bunda la fomu na kila mtu eneo lake. Mimi nikapewa Kariakoo, kuuza bima ya maduka: moto, maji na wizi wa kuvunja.

Upendo ukaishia hapo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa muda. Nilijiambia niwahi asubuhi, wenye maduka wakiwa hawajabanwa na wateja. Nikaingia duka la kwanza Mtaa wa Kongo, saa mbili kasoro, nikamsalimia mama mwenye duka vizuri, nikaanza kama tulivyofundishwa: "Mama, hebu fikiria duka lako hili likiungua leo..."

Akaniangalia. "Sijauza hata pini, wewe umeshaniunguzia duka?"

Wakuu, kama nilivyokuja kujua, Kariakoo mtu akishafungua mlango anasubiri mteja wa kwanza. Huyo ndiye anayeifungua siku. Sasa mimi mtu wa kwanza kuingia, sinunui, na nimekuja na moto mdomoni. Yule mama alichukua chumvi akaimwaga mlangoni nilipokuwa nimesimama. Nyingine ikaingia kwenye kiatu changu. Nilitembea nayo mpaka adhuhuri.

Nikajifunza kwenda mchana. Mchana nako hakuna wa kukusikiliza. Mzee mmoja wa vitenge tu ndiye aliyenikaribisha kwenye kigoda, akanipa kahawa, akaniuliza maswali ya maana nusu saa nzima. Nikajua leo nimepata. Mwisho akasema, "Kijana, umeongea vizuri sana. Bima yangu mimi ni Mungu. Kahawa utailipia?"

Wiki tatu, mteja mmoja. Fundi saa. Na nadhani alisaini ili nimwondokee kwenye mwanga.

Target ilikuwa wateja kumi na mbili kwa mwezi, ukishindwa miezi miwili mfululizo unarudisha tai. Nilikuwa nafika nyumbani jioni miguu imevimba, mke wangu ananiwekea maji ya moto kwenye beseni, anachungulia miguu yangu kama mtu anayeangalia kitu kipya dukani. "Kumbe ina mishipa," akasema siku moja.

Sasa hapo ndipo akaingia Chidi.

Kwa wasioijua Kariakoo: winga ni mtu asiye na duka wala mzigo. Anasimama mtaani, anakudaka, anakuuliza unatafuta nini. Ukisema viatu, anakupeleka duka analolijua yeye, au anakimbia anakuletea, na kwenye bei ameshaweka cha juu chake. Winga mzuri anaweza kukuuzia kiatu ambacho hukuja kukinunua, kwa namba ambayo si ya mguu wako, na ukaondoka unamshukuru.

Chidi alikuwa ananiona kila siku nikifukuzwa. Siku hiyo akanifuata.

"Mambo, bro?"

"Poa."

"Hivi wewe unauza au unatangaza msiba?"

Akanyoosha mkono, akachukua fomu moja, akaipindua kama anaangalia soli. "Hii ni ya nini? Duka likipata shida wanalipwa? Basi. Nisubiri hapo."

Dakika ishirini baadaye karudi na fomu imejazwa, na mteja ameshalipia kwa simu kwenye namba ya kampuni. Alimwambia nini yule mwenye duka sikusikia. Na niwe mkweli kama nilivyoahidi: sikuuliza.

Tukakubaliana nusu kwa nusu kwenye komisheni. Tatizo likabaki moja. Ukurasa wa mwisho wa fomu kuna maneno haya: mimi wakala nathibitisha nimefika dukani, nimemuuliza mteja maswali yote, na mali nimeiona kwa macho yangu. Chini yake saini ya wakala, siyo ya winga.

Nikasaini moja. Kesho yake nikasaini kumi kabisa ili Chidi asihangaike kunitafuta. Wiki iliyofuata nikasaini bunda zima la fomu tupu, niko nyumbani, nimekunja miguu, mke wangu anakaanga samaki.

"Unasaini nini hivyo kama waziri?" akaniuliza.

"Kazi," nikamwambia.

Maisha yakawa hivi: jioni bodaboda analeta fomu zilizojazwa, asubuhi nazipeleka ofisini, saa nne niko nyumbani nimevua soksi. Mwezi wa kwanza na Chidi, wateja kumi na tisa. Mwezi wa pili kumi na saba, Chidi alikuwa na homa siku tatu. Nikawa wakala bora wa tawi. Nilipewa cheti na kopo la chai lenye nembo, Madam Ester akaniita mbele niwaeleze wenzangu siri ya mafanikio.

Nikawaambia siri ni miguu.

Watu wakaandika.

Dalili zilikuwepo, sitasema hazikuwepo. Siku moja nilipigiwa simu na kijana anayepanga miwani ya jua kwenye meza pale Msimbazi. "Bosi, mgambo wamebeba meza yangu na miwani yote. Nije ofisini au mnatuma kwa simu?"

"Kaka, bima haihusu mgambo."

"Chidi kasema mgambo wamo."

Nikampigia Chidi. Akaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba mtu akibeba mali yako bila ridhaa yako huo ni wizi, sasa kipi ni uongo hapo? Mwingine akasema ameahidiwa kwamba ukikatia duka bima, pikipiki yako inaingia bure, ofa ya mwezi. Nikamwambia Chidi apunguze maneno. Akasema sawa bosi. Huo ndio usimamizi wote nilioufanya.

Halafu ikaja mvua.

Mnazijua mvua zetu za masika. Hii ilianza Jumamosi ikanyesha Jumapili nzima. Mimi nikajifunika shuka sebuleni, nina raha zangu, maana mvua ndiyo hali ya hewa pekee ambayo mtu kama mimi haulizwi mbona hutoki.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Namba ngeni, sauti ya mama, lafudhi ya kusini.

"Hujambo mwanangu. Wewe ndiye bosi wa Chidi?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Mimi Mama Nasra. Nina bima yenu. Maji yameingia dukani, njoo uone."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejisikia nafuu.

Chidi akanipokea kona ya mtaa, tukaingia kwenye jengo moja refu. Nikatafuta duka kwa macho pale chini, sikuliona. Chidi akaelekea kwenye ngazi, na badala ya kupanda akaanza kushuka.

"Tunaenda wapi?"

"Dukani."

"Huko chini?"

"Sasa kwani liko wapi?"

Kitu kimoja nilichokumbuka kwenye mafunzo, kwa sababu kilisemwa wakati sambusa zinapita, ni hiki: mali iliyo chini ya usawa wa barabara haina bima ya maji mpaka mteja aseme iko chini, mkaguzi aje, bidhaa ziinuliwe kutoka sakafuni, na mteja aongeze kidogo. Bila hivyo maji yakiingia ni shauri lako.

Maji yalikuwa yameshapungua, yamebaki ya kwenye kifundo cha mguu. Mama Nasra alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anakamua dera moja moja na kulitundika kwenye chuma cha ngazi. Mwembamba, miaka hamsini na kitu, mtu wa Lindi. Rangi zilikuwa zimevujiana. Madera yaliyokuwa meupe yamekuwa kama yamechovywa kwenye juisi ya ukwaju. Mitandio imeshikana kama matambara ya deki.

"Vua viatu mwanangu," akasema, "hapa ni ufukweni."

Nikavua.

Akanitazama juu mpaka chini. "Ndiyo wewe? Nilidhani wakala ni mtu mnene."

Alianza kwa kutandika mitumba chini pale Mchikichini. Ilimchukua miaka kupata fremu, na fremu aliyoiweza ilikuwa hiyo ya chini ya jengo. Mzigo wote uliokuwa mle ulikuwa wa Ramadhani na Idi. Alisema hivyo huku anakamua, hakusimama kunisimulia. Halafu akapanda kwenye kiti, akatoa kwenye rafu ya juu kabisa karatasi ya bima iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Hiki ndicho kitu pekee ambacho hakikulowa," akasema, akanipa kwa mikono miwili.

Nikaenda moja kwa moja ofisini. Madam Ester akatoa fomu kwenye faili, tukaisoma pamoja.

Je, mali iko chini ya usawa wa barabara? Hapana.

Je, duka lina mlango wenye kufuli? Hapana.

Je, jengo lina paa la kudumu? Hapana.

Je, kuna kizimamoto? Hapana.

Wakuu, ukurasa mzima. Na swali la mwisho kabisa: je, unathibitisha kwamba majibu yote uliyotoa ni ya kweli? Hapana.

Chini yake saini yangu, nzuri, imepinda kwa madaha. Na juu ya saini yangu mhuri wa ofisi: IMEHAKIKIWA. Kampuni ilikuwa imepokea fomu ya duka lisilo na paa, lisilo na mlango, la mtu anayekiri kwa maandishi kwamba anadanganya, ikapiga mhuri, ikatoa bima, ikanipa na kopo la chai. Mimi nikauangalia ule mhuri, Madam Ester akauangalia, halafu kila mmoja akaangalia upande wake.

Nikatoka nje nikampigia Chidi.

"Bro, ukijibu Ndiyo wanakuambia 'kama ndiyo, eleza'," akasema. "Mistari mitano. Mimi nina watu wamesimama hapa. Hapana haina maelezo."

"Umefanya hivyo kwa wote?"

"Kwa wote. Mimi sina upendeleo."

Niliporudi ndani Madam Ester alikuwa amefunga mlango. Akanieleza polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mkaguzi wa madai, Mzee Lema, atakuja Alhamisi na atamwita mama. Kama mimi nilimuuliza mama akajibu Hapana, basi kadanganya yeye, madai yanakufa, na mimi sina kosa. Kama sikumuuliza kabisa, kosa ni la wakala, mama analipwa, na mimi kazi sina.

"Mama mwenyewe hajui hiyo Hapana imetoka wapi," akamalizia. "Anayejua ni wewe." Hakugusia ule mhuri. Hakuwa na haja.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila utani, na hapo nikajua mambo ni mazito.

"Huyo mama akikosa?"

"Anarudi Mchikichini kutandika chini."

Akazima jiko. "Mimi sikuambii ukaseme nini. Ila siku unasaini nilikuuliza."

Nikatengeneza mpango. Mpango wangu ulikuwa kunyamaza. Mama ataulizwa kama nilifika, atasema sijafika, kwa sababu kweli sijafika. Mimi nitainamisha kichwa. Sitakuwa nimedanganya na sitakuwa nimejichoma. Huo ndio ujasiri wangu wote: kusubiri mama wa watu aje aseme badala yangu.

Alhamisi nikakutana na Mama Nasra nje ya chumba cha kikao, kwenye benchi. Kavaa baibui lililopigwa pasi, kaja na mkoba wake mzuri. Tulikaa pale karibu saa nzima. Angekuwa mtu mwingine angemwambia mama wa watu jambo la maana. Mimi niliongelea mvua.

Tukaitwa. Mzee Lema ni mtu wa miwani na kalamu ya polepole. Madam Ester kakaa pembeni, kakunja mikono.

"Mama, huyu kijana unamfahamu?"

"Namfahamu. Mwanangu huyu."

"Kabla ya kukupa bima, alifika dukani kwako?"

Mama Nasra akageuka kuniangalia. Kiyoyozi kilikuwa kinapiga na mimi natoka jasho mpaka kwenye tai. Kisha akamwangalia Madam Ester na ile mikono yake. Nadhani aliona kitu kimoja tu: kijana wa watu anakaribia kunyang'anywa mkate mbele ya bosi wake. Na watu waliolelewa kama yeye mtu hawamvui nguo hadharani. Wanamsitiri, mengine yatazungumzwa nyumbani.

"Alifika," akasema.

"Alifika?"

"Tena nikampa kiti. Akaniuliza moja moja. Kijana mstaarabu, hana haraka."

"Alikuuliza kama duka liko chini ya barabara?"

"Kauliza yote."

Kalamu ya Mzee Lema inaandika. Kila neno la kunisitiri mimi lilikuwa tofali analolipanga mama kwenye kaburi la madai yake mwenyewe, na hajui, na anatabasamu.

"Na ulimjibu nini?"

Akaichungulia fomu. "Nilimjibu... kama ilivyo hapo kwenye karatasi."

Nikamsikia Madam Ester akishusha pumzi.

Wakuu, nimewahi kukaa kimya kwenye mambo mengi. Kukaa kimya ndiyo fani yangu. Ila hapo kulinishinda.

"Mzee, mimi sijafika kwake."

Mama Nasra akanikanyaga mguu chini ya meza. Kiatu kilikuwa na kisigino.

"Huyu hajala tangu asubuhi," akamwambia Mzee Lema, bado anatabasamu.

"Mama, sijafika. Umeniona Jumatatu hii, ukashangaa mimi siyo mnene."

"Nyamaza, nakusitiri," akaninong'oneza, lakini kile chumba ni kidogo, tulisikia wote.

"Unajizika mama."

Mzee Lema akaweka kalamu chini, akavua miwani. "Mmoja wenu anadanganya," akasema. "Na nimefanya kazi hii muda mrefu, hii ni mara ya kwanza sielewi anayedanganya anafaidika nini."

Nikaeleza yote. Chidi, bunda la fomu, samaki wakikaangwa. Nikasema kwamba maswali yale hakuna aliyemuuliza mama, wala Chidi, wala mimi, wala mtu yeyote wa ofisini. Neno "ofisini" nilipolitamka Madam Ester alikunjua mikono.

Mzee Lema akaichukua fomu, akaisoma mpaka lile swali la mwisho. Nilimwona anapambana na mdomo wake usicheke. "Basi hii Hapana si ya mama," akasema, akanisukumia karatasi nyeupe niandike maelezo na kusaini. Nikasoma kila mstari kabla ya kusaini. Nimechelewa, lakini nilisoma.

Mama Nasra alipoelewa nini kilikuwa kinaendelea, kitu cha kwanza alichofanya ni kunipiga begani na mkoba.

"Sasa mbona hukuniambia pale nje? Saa nzima unanisimulia mvua."

Nikamfungulia mlango.

Kitambulisho kilichukuliwa siku ileile. Nilidhani imeisha, nikaanza kupanga kurudi kupumzika. Kumbe haijaisha. Kampuni ikanipa mambo mawili nichague: ama hilo la saini lipelekwe mbele zaidi, ama nizunguke kwa wateja wote wa Chidi na afisa wao mmoja, tujaze fomu upya, duka kwa duka, bila malipo.

Fomu thelathini na sita.

Kwa hiyo ile kazi niliyoajiriwa kuifanya nikaja kuifanya nikiwa nimeshafukuzwa. Ghorofa ya nne bila lifti. Maduka ya ndani ya maduka, unapita kwa muuza mapazia kumfikia muuza vipodozi. "Duka" moja lilikuwa mwavuli. Jingine lilikuwa benchi, na mwenye benchi aligoma kukubali kwamba benchi halina paa. Karibu kila mtu alikuwa ameuziwa bima yake ya peke yake. Mmoja aliamini akifiwa tunaleta turubai na viti. Chidi alikuja kutusaidia siku mbili, anatutangulia mlangoni na kutangaza, "Huyu hapa bosi mwenyewe, leo kashuka," halafu akaona hakuna cha juu, akarudi kwenye viatu vyake. Hakuna aliyemgusa. Hana saini popote.

Mama Nasra alilipwa baada ya kama miezi miwili, wakakata ile nyongeza ambayo angelipa kama angeulizwa. Hela hazikurudisha kila kitu, na Idi ilikuwa imeshapita. Zilitosha kujaza rafu.

Bima yake ilipotimiza mwaka akanipigia. "Njoo dukani."

Niseme ukweli, nilichana nywele. Nilijua naenda kushukuriwa.

Nikashuka zile ngazi. Mzigo wote sasa uko juu ya mbao, hakuna kinachogusa sakafu. Mama Nasra kakaa kwenye kigoda, ana karatasi mkononi.

"Sikukuita nikushukuru," akasema kabla sijakaa. "Ulichosema ni haki yangu. Na siku nyingine ukiamua kusema kweli, niambie mapema, nisijitoe kimasomaso mbele za watu."

"Nimekosa mama."

"Haya kaa. Muda umeisha, wameleta fomu ya mwaka mwingine. Wakala mpya yuko juu, nimemwambia asubiri. Nisomee."

"Si ungemwacha akusomee yeye?"

"Yeye ana kazi, atanikimbiza. Wewe huna."

Nikamsomea. Swali moja baada ya jingine, kwa sauti. Kila swali anauliza kwa nini wanalitaka, tunabishana, anajibu, naandika anavyosema. Penye "eleza" tulieleza mpaka mistari ikaisha tukageuza nyuma ya karatasi. Yule wakala mpya, kila baada ya muda anachungulia ngazini, "Mama, bado?" na Mama Nasra anamjibu bila kuinua kichwa, "Bado, shuka uje uone duka." Mara ya tatu kijana akashuka.

Nilichojifunza wakuu ni kifupi. Wakala akikuwekea kidole kwenye mstari na kukuambia saini tu hapa, mwambie akae, asome, ujibu mwenyewe. Na ukiitwa kuulizwa kuhusu madai yako, sema ilivyokuwa, hata kama wakala mwenyewe anatia huruma. Sisi tumezoea kusitiriana na ni jambo zuri, ila wenye bima huandika kila unachosema. Kwa mawakala wenzangu sina ushauri, mnajua mlichosaini.

Waliowahi kulipwa bima waje watuambie ilikuwaje, na waliokataliwa waseme walikwamia swali gani. Mnaotaka kunitukana pia karibuni. Nimeshatukanwa kwenye maduka thelathini na sita, mtakuta nafasi ipo.